Kulika, Kuisha, Kuchoka: Vitenzi vya Baiskeli Yangu

Kiswahili kina kitenzi kimoja chepesi mno kwa kila kitu kilichotumika sana: kuchakaa. Nguo huchakaa, nyumba huchakaa, sheria huchakaa, hata tamathali za usemi huchakaa. Si neno baya, ila ni neno pana. Humjulisha msikilizaji kwamba kuna hasara, lakini halimwonyeshi ilipo. Kwa miaka sita sasa baiskeli yangu imenizoeza kuliacha neno hilo mlangoni kabla sijashika spana, na mazoea hayo yameniandama hadi mezani ninapoandika mashairi.

Baiskeli yenyewe ni ya saiklokrosi, mchezo uliozaliwa Ufaransa. Mashindano ya kwanza ya taifa hilo yalifanyika mwaka 1902, na ya kwanza ya dunia yakafanyika Paris mwaka 1950, mshindi akiwa Mfaransa Jean Robic. Wachezaji hupita kwenye matope, majani na mchanga. Pasipopitika, huibeba baiskeli begani na kukimbia nayo. Ndiyo maana fremu imeachiwa nafasi pana ya matope kupita kando ya matairi, na nyaya zimepitishwa juu ya bomba la katikati zisimkere mbebaji. Yangu ilikuja nchini ikiwa mtumba, usukani wake umejikunja kama pembe za beberu, na haijapata kushindana na yeyote isipokuwa saa. Kila asubuhi hunitoa nyumbani Kigamboni, hunipitisha kwenye barabara ya mchanga hadi gatini, huvuka nami kwa kivuko hadi Magogoni, kisha hunifikisha shuleni ninapofundisha. Kivukoni watu wanapobanana, naitia begani kama walivyokusudia waliobuni mchezo ule.

Njia hiyo ina maadui watatu: mchanga, upepo wa chumvi na maji ya masika. Kila mmoja anakula kwa namna yake. Nasema "anakula" kwa makusudi, kwa kuwa kitenzi cha kwanza ninachotaka kukieleza ni *kulika*.

Mnyororo, ambao mafundi wengi huuita cheni, hulika. Mitaani utasikia, "Cheni imevutika," na ukiupima utaona kweli umerefuka. Lakini chuma chake hakikuvutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba kila pingili imeungwa na mwenzake kwa pini, na pini hiyo hujisugua ndani ya tundu lake kila mnyororo unapopinda kuzunguka meno. Mchanga ukichanganyika na oili huwa msasa wa majimaji. Pini hupungua, tundu hupanuka, na upungufu mdogo usioonekana kwa macho hujumlishwa pingili kwa pingili hadi mnyororo mzima unakuwa mrefu kuliko ulivyozaliwa. Anayesema umevutika ameyaona matokeo. Anayesema umelika ameiona sababu.

Kipimo chake ni rahisi. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kwa hiyo pingili 24 ni futi moja kamili, milimita 304.8. Naweka futikamba ya chuma juu ya mnyororo, naanzia katikati ya pini, nahesabu 24. Ukizidi kwa milimita moja na nusu, naanza kutafuta mwingine. Ukizidi kwa mbili, naubadilisha siku hiyo hiyo. Sababu ya haraka hiyo ni kwamba mnyororo ulio mrefu haukai tena sawasawa kati ya meno ya gia. Huyapanda, huyasukuma, huyachonga taratibu mpaka yanafanana na pezi la papa. Ukichelewa, hutaweza tena kuuondoa peke yake: mnyororo mpya utarukaruka juu ya meno ya zamani, kwa sababu yameshalika kwa kuufuata ule uliotupwa. Na gia za nyuma zina bei ya minyororo kadhaa.

Sisi washairi tuna utanzu unaolijua jambo hili: pindu, ambalo wengine huliita mkufu. Mwisho wa ubeti huu ndio mwanzo wa ubeti ufuatao. Kipande kikiwa legelege kwenye ubeti wa pili, wa tatu hukirithi kikiwa kichwani. Ndiyo maana mtunzi mwangalifu hurekebisha mkia kabla hajauzaa ubeti mwingine, kama ambavyo mimi huubadilisha mnyororo kabla haujayafundisha meno kasoro yake.

Kitenzi cha pili ni *kuisha*, nacho ni cha tairi. Tairi likiisha, vinundu vyake hupungua, katikati hubaki laini, kisha nyuzi za ndani huanza kuchungulia. Kuliona hakuhitaji utaalamu. Kazi ni kulinunua.

Nilikwenda Kariakoo, nikamwambia muuzaji natafuta tairi namba 28. Akaniletea moja.

"Kaka, hili ndilo lenyewe."

"Naomba nisome ubavuni."

"Ishirini na nane ni ishirini na nane, kaka. Unasoma nini tena?"

Ubavuni palikuwa na namba nyingine ndogo, iliyoishia na 635. Hapo ndipo penye siri. Baiskeli za kazi tulizozizoea, mfano wa Phoenix, nyingi huvaa tairi la 28 ambalo kipenyo cha ukingo wake unaoshika rimu ni milimita 635. Tairi la baiskeli yangu nalo huitwa 28, lakini ukingo wake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na inatosha kulifanya tairi lipwaye na kuchomoka. Cha ajabu zaidi, tairi liitwalo 29, la baiskeli za milimani, lina 622 ile ile. Likiwa jembamba kiasi cha kupita ndani ya fremu yangu, linanifaa. Basi 28 mbili hazifanani, na 28 yangu ni ndugu ya 29. Wapenzi wa lugha tunazijua homonimu: maneno yenye umbo moja na maana mbalimbali. Katika sentensi, muktadha hututoa tatani. Dukani muktadha haupo. Kuna namba na pesa yako. Siku hizi siombi 28. Naomba "mia sita ishirini na mbili", na muuzaji yule, Mungu ambariki, ameanza kuwauliza wateja wake namba ya ubavuni.

Kitenzi cha tatu ni *kuchoka*, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Breki za baiskeli yangu hubana rimu kwa vipande viwili vya mpira, ambavyo mafundi huviita raba. Raba huisha, na kuisha kwake si kubaya. Ndiyo kazi iliyozileta duniani. Kila Jumapili nazitazama, nachomoa kwa sindano chembe za mchanga na vipande vya alumini vilivyojichimbia humo, kwa sababu chembe hizo zikiachwa hugeuka tupa na kuila rimu. Rimu nayo hulika: ukuta wake, uliokuwa umenyooka, huanza kubonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Baadhi ya rimu zimechongwa mfuo mdogo wa kupimia. Mfuo ukifutika, rimu imefikia mwisho wake, hata kama ingali inang'aa. Ukuta uliolika sana waweza kupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi.

Lakini waya wa breki haulikwi na mchanga. Waya huchoka. Ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, na kila nikibana breki hupindwa palepale, kwenye kichwa kinachokaa ndani ya mkono wa breki. Kupinda mara moja si kitu. Kupinda mara elfu nyingi huufanya uzi mmoja ukatike, kisha wa pili. Wahandisi wanalijua tatizo hili kwa jina hilo hilo, uchovu wa chuma. Kwa hiyo anaposema fundi wa mtaani, "Waya umechoka," amesema kama mhandisi, neno kwa neno. Yule aliyekosea kidogo kuhusu cheni amepatia kabisa kuhusu waya. Ndiyo maana siwezi kuidharau lugha ya gereji wala kuimeza nzima; naipima, kama ninavyoupima mnyororo.

Jumapili moja ya mwezi wa nne nilibana breki ya mbele, nikachungulia ndani ya mkono wake kwa tochi, nikaona nyuzi tatu zimesimama kama mvi. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Kuingia kivukoni kuna mteremko, na kwenye mteremko huo asubuhi kuna akina mama wenye beseni, wanafunzi wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao, na mikokoteni. Breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha baiskeli. Uzi uliokatika hautoi sauti, na waya wenye nyuzi zilizopungua huvuta vizuri mpaka dakika unapokatika wote. Nyuzi tatu zile hazikuwa uchakavu, zilikuwa taarifa.

Kuubadilisha kulihitaji jina jingine tena. Waya wa breki una vichwa vya aina mbili. Baiskeli zenye usukani ulionyooka, kama zile za milimani, hutumia kichwa cha mviringo kilicholala kama pipa. Zenye usukani uliojikunja kama wangu hutumia kichwa chenye umbo la tone la maji. Nyaya nyingine huuzwa na vichwa vyote viwili, kila ncha na chake, nawe hukata usichokihitaji. Fundi wangu wa Kigamboni, mzee ambaye mtaa mzima humwita Babu, hakuwa na majina ya vichwa hivyo. Tuliyaunda papo hapo: "kichwa cha pipa" na "kichwa cha tone". Sasa tunaagiza kwa majina hayo, na kijana anayetumwa dukani hajarudi na waya usiofaa.

Babu ndiye aliyenipa kanuni ninayoitumia katika makala haya yote. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake siku alipoingia mteja akisukuma baiskeli.

"Shikamoo Babu. Baiskeli imechakaa, naomba unitengenezee."

"Marahaba. Hata mimi nimechakaa, mwanangu. Sema kinachouma."

Kijana akafikiri, akaizungusha pedeli, akasikiliza. Hatimaye akasema gurudumu la nyuma linakwaruza likizunguka. Babu akalifungua. Gololi zilikuwa zimesagika, grisi imekauka na kuwa udongo. Akazitoa zote, akasafisha, akapanga mpya tisa kila upande, akizihesabu kwa sauti. Kijana aliuliza kwa nini asiziache zile chache zilizobaki nzima. Babu akamjibu kwamba gololi ni jamaa moja: mpya ikiwekwa pamoja na iliyopungua, mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote.

Nami nikakumbuka vikao vyetu vya mashairi. Mara ngapi tumemwambia mtunzi chipukizi, "Shairi lako limepwaya," tukamwacha aende nalo nyumbani? Kupwaya ni kitenzi kizuri, chafaa nati, shati na shairi. Lakini mtunzi hawezi kukaza kisichoonyeshwa. Je, mshororo wa tatu umepungukiwa mizani? Kina cha kati kimelazimishwa kwa neno lisilo na kazi? Kibwagizo kimerudiwa mpaka kimeisha makali kama raba ya breki? Au picha iliyomo, mwezi na waridi, imechoka kwa kupindwa na vizazi vya watunzi mahali pale pale? Hizo ni hitilafu nne zenye tiba nne. Anayezitaja zote kwa neno moja huishia kumshauri mwenzake atupe shairi zima, kama wanavyonishauri wengine ninunue baiskeli mpya.

Sijainunua, wala sihitaji. Katika miaka hii sita nimebadilisha minyororo, matairi, nyaya, raba, na rimu ya mbele. Fremu ni ile ile, na safari ni ile ile. Ninachowaomba ndugu wasomaji, hasa mlio jirani na gereji za baiskeli huko Tanga, Kisumu, Bujumbura na kwingineko, ni kukusanya majina. Kamusi zetu zinatupa mnyororo, gurudumu na kanyagio, lakini vipuri vidogo vinavyoamua kama mtu atafika salama vingi havina majina tunayokubaliana. Mafundi wanayo, au wanaweza kuyaunda wakati chai inapoa. Tuyaandike kabla benchi halijabaki tupu.

Kwa sasa nawaachia beti mbili za mkufu, nilizozitunga nikisubiri kivuko:

Neno pana ni hatari, tabibu hutatizika,
Taja jina kwa dhahiri, kilipo kilicholika,
Mnyororo na tairi, nyuzi zinazokatika,
Fundi akishafasiri, nusu imeshatibika.

Nusu imeshatibika, iliyobaki ni kazi,
Mkono ukishashika, uongozwe na ujuzi,
Kipya kikishawekeka, cha zamani nakienzi,
Asubuhi ikifika, navuka bila simanzi.