Maji ya Nyiragongo: kuchemsha peke yake hakutoshi

Mama aliyekimbia vita anajua kuchemsha maji, kipindupindu kimemfundisha. Lakini familia za wahami zinazoishi karibu na volkano ya Nyiragongo zinakutana na kitu ambacho moto hauwezi kukiondoa.

Ni floridi. Inatoka kwenye mawe na moshi wa volkano, inaingia katika vijito, visima, hata maji ya mvua. Haina rangi wala harufu. Mtoto akiinywa kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga, meno hayo hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyafuti. Ikizidi kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Kikomo cha OMS ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakichemka, mvuke unaenda, floridi inabaki sufuriani.

Arusha, Tanzania, na Nakuru, Kenya, wana shida hiyo hiyo. Huko kuna wanaochuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Maji hupita polepole katika ndoo, mifupa hunasa floridi. Makala ya kupikia hayafanyi kazi hiyo. Na bado maji hayo huchemshwa au kutiwa klore, kwa ajili ya vijidudu.

Lakini mifupa hujaa. Ikishajaa, maji hutoka meupe vilevile, ladha ileile, na floridi yake ndani. Anayegawa ndoo asirudi kupima maji na kubadilisha mifupa, amemwachia mama ndoo tu.