Aliyeondoka na Ridhimu

Kaka yangu aliniambia anaenda Qatar zikiwa zimebaki siku tatu apande ndege. Ilikuwa Agosti 2021. Tulikuwa kwenye stoo, nyuma ya nyumba yetu hapa Sotik, katikati ya magunia ya mahindi na mitungi ya maziwa, tukifanya mazoezi. Alimaliza wimbo, akapangusa nyuzi za gitaa kwa kipande cha fulana kuukuu kama kawaida yake, akasema, "Visa imetoka."

Nikamuuliza, "Na shoo ya Desemba je?"

Mpaka leo swali hilo linanitia aibu. Mtu anakwambia anaenda kulinda mlango wa jengo la watu kwa miaka miwili, na wewe unamuuliza habari za shoo. Siku ya safari alipandia matatu pale Kaplong, zile za kupitia Bomet na Narok. Baba alimbebea begi. Mimi nilijifanya nina majani ya kuchuna.

Ngoja nieleze kwa nini nilikasirika hivyo, maana mtu ambaye hajawahi kuwa kwenye bendi anaweza kudhani nina wazimu.

Magitaa yetu mawili yalinunuliwa na bonasi ya chai, Oktoba 2015. Mkulima mdogo huku kwetu hulipwa kidogo kila mwezi, kwa kilo, halafu mara moja kwa mwaka bonasi inashuka na mji mzima unajua imeshuka: duka la mabati linajaa, nyama inakwisha mapema. Mwaka huo mama alitaka ng'ombe wa pili. Baba akasema ng'ombe atangoja. Kaka akachukua gitaa la ridhimu, mimi nikachukua la solo, kwa sababu mdogo ndiye hupenda kuonekana. Jirani mmoja akashika ngoma, mwingine besi, tukaanza kupiga roki katika mji ambao ukisema una bendi, unaulizwa ni ya kanisa gani.

Wazee walisema tunaiga wazungu. Sawa. Lakini Kapkatet, si mbali na hapa, mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Jina hilo walilifinyanga kutoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Kwenye wimbo wao akawa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Kwa hiyo hatukuanza juzi kuchukua sauti ya mbali na kuipa miguu mingine.

Bendi tuliyoiabudu ilikuwa Red Hot Chili Peppers, ya Los Angeles, iliyoanza 1983. Kaka aliijua historia yao kama wengine wanavyolijua Agano Jipya. Hillel Slovak, mpiga gitaa wao, alifariki 1988, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 18, John Frusciante. Frusciante akaondoka 1992 katikati ya ziara, wakiwa Japani, wakati bendi ndiyo kwanza imekuwa kubwa. Akaingia Dave Navarro, wakatoa albamu moja 1995, nzito, yenye giza, utadhani ni bendi nyingine kabisa. Frusciante akarudi 1998, na mwaka uliofuata ikatoka Californication. Akaondoka tena 2009. Josh Klinghoffer akashika gitaa kwa miaka kumi. Kisha, Desemba 2019, bendi ikatangaza kwamba Frusciante amerudi.

Siku hiyo kaka alipiga kelele ambazo mara ya mwisho nilizisikia Oktoba ile, Kipchoge alipomaliza Vienna chini ya saa mbili. "Amerudi! Amerudi!" Tulikesha stoo tukipiga nyimbo zao mpaka stima ikapotea. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza Klinghoffer amelalaje usiku huo.

Basi kaka alipoondoka, nilijiambia si neno, mwenye solo bado yupo. Jumamosi ya kwanza tukaingia watatu. Nikapiga ule mwanzo ambao watu walikuwa wakiushangilia, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka sita: gitaa langu likiwa peke yake. Lilikuwa kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika. Kumbe ile kitu watu walikuwa wanachezea haikuwa mimi. Ilikuwa ni ule mkono wake wa kulia, chwaka-chwaka, chwaka-chwaka, usiobadilika, usiojisifu. Mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Akasema, "Manze, ameenda na wimbo."

Jioni hiyo baba alinikuta nimenuna. Baba yangu si mtu wa ushauri. Alifanya kazi Nairobi miaka ya 80, akarudi na kikohozi, redio ya kaseti na katoni moja ya kanda: Kipchamba arap Tapotuk kwa ajili ya nyumbani, na Wanyika kwa ajili ya Nairobi. Aliniangalia, akasema, "Kwani bendi ni ndoa?" Akaweka kanda.

Mimi Sina Makosa nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, kama kila Mkenya. Iko kwenye harusi, iko kwenye matatu, iko kwenye simu ya mjomba. Ila sikuwahi kuiuliza imetoka wapi. Baba alinipa kipande kimoja, vingine nikavitafuta mwenyewe.

Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha 1970 wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, kisha 1971 wakavuka kuja Kenya. Huku wakawa Simba Wanyika. Gitaa la Wilson lilikuwa tamu na safi, na kila mtu alijua ni lake. Kando yake alikuwapo kijana wa ridhimu, Omar Shabani. Novemba 1978 Omar akatoka, na hakutoka peke yake. Walitoka naye Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma, na wengine. Yaani chini ya nyumba yote iliondoka, likabaki paa. Wakaungana na mpiga solo John Ngereza, wakajiita Les Wanyika. Mwaka 1979 wakatoa Sina Makosa, na Omar ndiye mtunzi.

Wimbo wenyewe ni wa mambo ya mapenzi, hauhusu kuhama bendi. Lakini baba alicheka alipotaja jina lake. "Unaona? Ameondoka, na bado anasema hana makosa."

Nikausikiliza tena, safari hii nikiacha sauti na solo, nikifuata ridhimu peke yake. Jaribu siku moja. Vaa spika za masikioni, ufuate ile gitaa ya chini inavyozungumza na besi, hii ikiuliza, ile ikijibu, dakika baada ya dakika, bila haraka. Sauti ya Les Wanyika ni nyembamba kuliko ya Simba Wanyika, ina nafasi nyingi, na nafasi hizo ndizo zinazokufanya uinuke kitini. Na wao pia hawakukaa salama. Issa Juma, aliyeimba nao mwanzoni, naye akatoka akaunda Super Wanyika. Simba Wanyika nao hawakufa. Wilson alijaza nafasi, akaendelea kurekodi. Shina moja likawa matawi matatu, na sisi tusiohusika na ugomvi wao tukapata nyimbo mara tatu.

Nilielewa kwa kichwa. Moyo ulichukua muda.

Aliyeingia mahali pa kaka anafanya kazi kwenye duka la M-Pesa hapa mjini. Anatoka upande wa Chepilat, ng'ambo kidogo, Mkisii. Kama wewe ni wa huku unajua maana ya sentensi hiyo. Mpaka ule umeona mapigano kati ya jamii zetu zaidi ya mara moja. Alijifunza gitaa kanisani. Siku ya kwanza nilimpa nyimbo zote na rekodi za kaka, nikamwambia apige hivihivi. Akajaribu wiki mbili. Wiki ya tatu akazima ampu.

"Nikuulize," akasema. "Wewe unatafuta mpiga gitaa ama unatafuta kaka yako?"

Sikuwa na jibu. Akawasha ampu, akalegeza uzi mnene mpaka ukaanza kunguruma, akapiga kitu kizito, cha chini, kinachozunguka polepole. Babu yake alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii ambacho sauti yake unaisikia kifuani kabla haijafika sikioni. Mpiga ngoma akakosa pa kuingilia, kisha akapapata. Mimi ilibidi nipunguze noti. Zile mbio zangu zote za vidole hazikuwa na kazi tena. Kwenye huo mngurumo, noti nne zilitosha. Ndani ya mwaka tukawa bendi nyingine. Polepole zaidi, nzito zaidi. Wale vijana waliokuja kuruka waliacha kuja, wakaja wengine wanaosimama wamefumba macho. Tulipoteza watu. Sitaki kudanganya kwamba kila badiliko ni faida.

Kaka aliporudi, Novemba 2023, alikuja moja kwa moja stoo, begi bado liko barazani. Na hapa lazima niseme jambo lingine: ile ampu mpya, aliinunua yeye. Alituma pesa mwezi wa nane akiwa huko, akaandika tu, "Ya bendi." Sasa amesimama mlangoni anaiangalia ampu yake, na dada wa M-Pesa amechomeka waya wake humo.

Alikaa kwenye gunia, akasikiliza nyimbo tatu. Akaomba gitaa. Tukaanza wimbo wetu wa zamani, ule wa mwanzo kabisa, lakini kwa namna tunavyoupiga sasa. Nilimwona anatafuta mlango. Mkono wake wa kulia uliinuka, ukashuka, ukainuka tena. Chwaka-chwaka yake haikuwa na pa kukaa. Kila nafasi aliyoizoea ilikuwa na mtu. Akaacha katikati.

"Hii si ile yetu," akasema.

"Ndiyo yetu," nikasema. "Imekua tu."

Akacheka, ila si kwa kufurahi. Tulipobaki wawili akaniambia wazi. Amerudi. Nafasi yake ilikuwa inashikiwa tu, sivyo? Akanikumbusha usiku wa Desemba 2019. "Tulishangilia pamoja," akasema. "Frusciante akirudi, anapewa gitaa lake."

Nilienda kwa baba nikitafuta mtu wa upande wangu. Badala yake akaniambia kwamba George Kinyonga naye aliwahi kumwacha Wilson, akaunda Jobiso, kisha akarudi kwa ndugu yake na akapokelewa. "Ndugu hurudi," akasema. Nikamjibu kwamba Omar Shabani hakurudi, na tusingekuwa na hiyo kanda yake anayoipenda kuliko zote. Baba alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi wewe ndiwe mwenye kazi. Mimi ni msikilizaji."

Nililala siku nne bila usingizi mzuri. Hoja zote zilikuwa zake: umri, ampu, damu, ile miaka miwili ya joto na simu za usiku ambazo nilikuwa nikizijibu kwa neno moja. Upande wa pili kulikuwa na kitu kimoja tu. Yeye alituacha na shimo, na kuna mtu aliingia ndani ya shimo hilo akajenga. Sikuweza kumwambia ahame kwa sababu mwenye kiwanja amerudi.

Nikamwambia kaka kwamba anabaki. Nikamwambia pia kuhusu Kaplong, kwamba sikuwa na majani yoyote ya kuchuna siku ile. Hilo la pili nadhani alikuwa analijua. Alichomoa fulana yake kuukuu kutoka msumari wa ukutani, akaikunja, akaondoka nayo. Wiki tatu hatukusemezana isipokuwa "pitisha chumvi."

Kisha Alhamisi moja narudi kutoka kituo cha kuuzia majani, kikapu kiko mgongoni, nikasikia stoo inalia. Chwaka-chwaka, chwaka-chwaka. Nilisimama nje. Alikuwa na vijana watatu, wawili wa bodaboda na mmoja simjui, wote wabichi kabisa, besi inapotea kila baada ya mstari. Kaka alisimamisha wimbo, akamwonyesha wa besi mahali pa kungojea. "Usinifuate," alimwambia. "Nijibu."

Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, kikombe cha chai mkononi, kichwa kikitikisika kidogo. Hakuniangalia.

Sijui kama watafika mbali. Sijui kama sisi tutafika. Alhamisi stoo ni yao, Jumamosi ni yetu, na ampu ni ya wote. Stima tunalipa nusu kwa nusu.