Vyombo Vitatu, Waya Mmoja: Tafakuri ya Mtafiti Kutoka Macalder

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, kwa mtazamo wa haraka, zinagombana. Moja hunena kuwa ajali haina kinga. Nyingine hutuhimiza tuchukue tahadhari kabla ya hatari. Ikiwa ajali haina kinga kweli, tahadhari ni ya nini? Suala hili nimewahi kulisikia likijadiliwa darasani kama mchezo wa kunoa akili. Kwangu mimi lilikoma kuwa mchezo mwezi Aprili 2022, nilipokuwa nyanjani nikikusanya data ya tasnifu yangu. Nilitambua kuwa methali hizo hazigombani hata kidogo. Kinga huizuia ajali isifike. Tahadhari huamua ni kipi kitakachosalia ajali ikishapita.

Macalder ni kituo kilichoko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, upande wa Ziwa Viktoria. Jina lake limefungamana na mgodi wa dhahabu na shaba uliochimbwa tangu enzi za ukoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi ulifungwa lakini uchimbaji haukufa. Wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba katika eneo hilo, na mchanga uliobaki baada ya kuchenjuliwa zamani umekuwa ukirudiwa na watu wanaotafuta chembe za dhahabu zilizowaponyoka waliotangulia. Utafiti wangu ulihusu safari ya maneno. Nilitaka kujua jinsi msamiati uliozoeleka katika machimbo ya Tanzania, kama vile karasha kwa mashine ya kusaga mawe na marudio kwa mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, unavyopokelewa na wachimbaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kidholuo, na jinsi wazee waliouona mgodi ukifanya kazi walivyoviita vitu hivyo hivyo katika ujana wao.

Msomaji mpendwa, mtafiti wa lugha hana maabara yenye chupa na mizani. Maabara yake ni sauti za watu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chuoni, msimamizi wangu alinitaka nipange namna ya kuhifadhi data kwa makini sawa na ule niliotumia kupanga hojaji. Tulikubaliana hivi: sauti zitaingizwa kwenye tarakilishi kila jioni na kunakiliwa kwenye diski ya nje, kila Jumamosi nakala ya pili itapelekwa mjini Migori kwa shangazi yangu, unukuzi utatumwa kwa barua pepe, nami nitakuwa na daftari la karatasi lenye tarehe, umri wa msemaji, mada na urefu wa kila rekodi. Pia kila msemaji atakayependa atapewa sauti yake mwenyewe. Kipengele hiki cha mwisho tulikiweka kwa ajili ya maadili ya utafiti. Hatukukihesabu kama sehemu ya hifadhi.

Masika yalikuwa yameshika. Ijumaa moja jioni, nikiwa katika chumba changu cha kupanga, nilikuwa nikihamisha rekodi za wiki nzima. Kinasa sauti kilikuwa kimeunganishwa na tarakilishi, diski ya nje imechomekwa upande wa pili, na tarakilishi yenyewe iko kwenye umeme kwa kuwa betri yake ilikuwa karibu kuisha. Radi ilipiga, taa zikazimika. Baada ya dakika chache umeme ulirudi kwa kishindo. Balbu iling'aa kupita kawaida, ikapasuka. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa chumbani. Nilipowasha tochi ya simu, tarakilishi ilikuwa kimya, diski ya nje ilikuwa kimya, na kinasa sauti hakikuitikia kitufe chochote. Vyombo vitatu vilikuwa na sauti zile zile, lakini kwa muda ule vyote vilining'inia kwenye waya mmoja. Kwa hesabu za karatasi nilikuwa na nakala tatu. Kwa hesabu za umeme nilikuwa na moja tu.

Kesho yake nilivifunga vyombo hivyo katika kitambaa nikavipeleka kwa fundi mjini Migori. Fundi yule alikuwa mtu wa maneno machache na ujuzi mwingi. Swali lake la kwanza lilikuwa: je, umejaribu kuwasha tena na tena? Nilipomwambia la, aliafiki kwa kichwa. Alinieleza kuwa diski iliyoumia, hasa ile yenye sahani zinazozunguka ndani, huzidi kuharibika kila inapolazimishwa kufanya kazi, na kwamba wengi humletea maiti ya kile ambacho jana yake kilikuwa mgonjwa. Aliifungua tarakilishi akanionyesha sehemu zilizoungua. Tarakilishi, alisema, inaweza kutengenezwa kwa kubadilisha vipuri. Data ni jambo jingine. Kwa diski alinishauri nijaribu wataalamu wa Nairobi. Niliwapigia simu, na bei waliyonitajia, pasipo ahadi yoyote ya kufaulu, ilizidi fedha zote nilizokuwa nazo kwa kazi ya nyanjani. Hapo nilielewa tofauti ambayo lugha yetu ya kila siku huificha. Tunaposema tarakilishi imekufa, tunazungumza juu ya chombo kinachouzwa dukani. Kilichokuwa ndani yake hakiuzwi popote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu la karatasi ndilo lililonipa habari. Lilinionyesha kuwa rekodi zote za wiki zilizotangulia ziko salama kwa shangazi, na kwamba zilizopotea ni saba, za Jumatatu hadi Ijumaa. Msiba wenye idadi hubebeka kuliko msiba usio na mipaka. Hata hivyo, miongoni mwa hizo saba, tano zilikuwa za mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini akiwa kijana, kabla haujafungwa. Siku nne mfululizo alikuwa amenipitisha katika mgodi ule kwa maneno: vyombo, zamu, amri za wasimamizi, na Kiswahili walichozungumza wafanyakazi waliotoka sehemu mbalimbali. Nilipofika kwake Jumapili kumweleza yaliyotokea, nilikuta amelazwa hospitalini kwa maradhi ya kifua. Hakuweza kuzungumza kwa muda mrefu tena. Alifariki wiki tatu baadaye.

Lakini mzee yule alikuwa amenitangulia kwa fikra. Kila tulipomaliza mazungumzo, alimwita mjukuu wake, mwendeshaji wa bodaboda, anipe kadi ya kumbukumbu kutoka kwenye simu yake ili nimwekee sauti. "Mjukuu wangu," aliniambia siku ya kwanza, "maneno yangu yakienda chuo kikuu, mengine yabaki nyumbani." Niliyachukulia kuwa maneno ya adabu tu. Nilimpata kijana huyo Sori, kando ya ziwa, akisubiri abiria. Simu yake ilikuwa ya vitufe, kioo kimepasuka, na ndani ya kadi, katikati ya nyimbo na mahubiri, zilikuwapo rekodi nne kati ya tano za babu yake. Ya tano haikuenea kwa sababu kadi ilikuwa imejaa. Nilinakili hizo nne papo hapo, tukiwa tumekaa chini ya mti, na sikuondoka hadi nilipozifungua na kuzisikiliza mwanzo, kati na mwisho.

Ile ya tano haikupatikana mpaka leo. Ndiyo aliyoelezea siku ambazo mgodi ulikuwa ukifungwa. Katika tasnifu yangu kuna ukurasa unaotegemea muhtasari wa mistari sita katika daftari, na nimeandika wazi kwamba sauti yenyewe haipo.

Rekodi mbili zilizosalia zilikuwa za akina mama waoshao mchanga. Hao walikuwa wazima na wakarimu, wakakubali kuzungumza upya. Hapo nilijifunza somo ambalo kila mwanaisimu huambiwa lakini halijui hadi limfike. Usimulizi wa pili si nakala ya usimulizi wa kwanza. Mama mmoja, ambaye kwa mujibu wa daftari langu alitumia neno la Kidholuo kwa mchanga wa mabaki katika mazungumzo ya kwanza, mara ya pili alitumia la Kiswahili, labda kwa kuwa alikwisha kufahamu ninachotafuta. Mzaha aliouingiza mwanzo haukurudi. Data ya lugha ni tukio, na tukio halirudiwi. Linachoweza kurudiwa ni kunakiliwa kwake.

Nikiwa Migori nikisubiri tarakilishi, nilipata wasaa wa kuifikiria fasihi yetu wenyewe kwa jicho hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Tunazisoma tungo zake leo kwa sababu zilikaa katika vifua vya watu, kisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kuzifikisha kwa mmisionari W. E. Taylor, na hatimaye William Hichens akachapisha diwani yake mwaka 1940. Miaka mia moja hivi ilipita kati ya kifo cha mshairi na kitabu, na katika muda huo wote hifadhi ilikuwa watu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu naye alinakili tendi kwa mkono wake, na kazi yake ikasambaa hadi maktaba za Ulaya. Miswada ya pwani ilikabiliwa na mchwa, unyevu na chumvi. Iliyosalia ni ile iliyopata mnakili kabla ya mchwa kuipata.

Wala tusidhani kuwa majengo makubwa yana usalama wa moja kwa moja. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliingia katika Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu vilivyochapishwa vya mkusanyiko wa Taaluma za Kiafrika ikateketea. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takribani terabaiti 77 za data za utafiti, na aliyezifuta hakuwa mwizi wala moto. Ilikuwa programu ya kuhifadhi nakala, iliyokuwa na hitilafu. Mlinzi ndiye aliyeingia ghalani.

Watu wa fani ya picha wana kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, iitwayo tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja kati yake ikae mahali pengine. Naikubali kanuni hiyo, ila Macalder imenifundisha kuifafanua. Mahali pengine si chumba cha pili. Ni mahali ambapo radi ya hapa haifiki. Nakala iliyochomekwa si nakala mpaka ichomolewe. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni tetesi tu. Na palipo na mtandao dhaifu, faili ndogo za unukuzi zitangulie kwenda mtandaoni, kwa kuwa huenda haraka, nazo sauti zisafiri kwa matatu ndani ya bahasha.

Baadhi ya wafasiri wa programu za simu wameliita jambo hili chelezo. Wapo wanaolipinga neno hilo na kupendelea nakala rudufu. Mimi sasa nalipenda. Kwa watu wa pwani chelezo ni kitu chepesi kieleacho majini mfano wa boya, na mvuvi yeyote wa Karungu, ingawa ana neno lake kwa Kidholuo, atakueleza kwamba wavu uliopoteza chelezo huenda chini na samaki wake. Nakala rudufu inaeleza kitu kilivyo. Chelezo inaeleza kinafanya nini.

Kuna hoja moja ya kupinga ambayo haifai kupuuzwa. Kusambaza nakala ni kusambaza pia siri za watu. Mzee wangu alitaja majina ya wasimamizi na magomvi ya zamani. Baadhi ya vizazi vyao bado ni majirani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na hata kama isingekuwapo, heshima ingetosha. Kwa hiyo ridhaa tunayoomba isiwe ya kurekodi tu. Tumuulize msemaji sauti yake ikae wapi, isikilizwe na nani, na nani airithi. Tukimuuliza hivyo, huenda yeye mwenyewe akatuonyesha ghala ambalo hatukulifikiria.

Wanachama wenzangu, chama chetu kina wajumbe wanaokwenda nyanjani kila mwaka, kutoka Vanga hadi Busia. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama kiwe na kabati lenye ufunguo na diski mbili zinazopokezana kila muhula, moja chuoni na nyingine nje ya chuo, kwa data ya kila mwanachama aliyeridhia. Pili, mwanachama anaporudi kutoka nyanjani aulizwe, kabla ya kuulizwa amepata nini, ameacha nini kwa wenyewe. Mwaka jana nilipeleka Nyatike kadi mpya yenye nafasi ya kutosha, ikiwa na rekodi zile nne na tasnifu nzima iliyosomwa kwa sauti, kwani nyanya hasomi. Mjukuu ameiweka katika simu. Nyanya anayo nyingine, ameifunga kwenye pindo la leso.