Nyumba nzuri, na baraza

Wiki hii kikundi kizima, wa Gitega na sisi wa Muyinga, tumebishana juu ya Mwingereza mmoja, John Sinclair. Ni yule aliyechora majengo makubwa ya Zanzibar: nyumba ya mwakilishi wa Uingereza (1903), ambayo leo ni Ikulu, Mahakama Kuu (1908), na Beit el-Amani pale Mnazi Mmoja (1925). Alifufua matao na kuba za Kiarabu. Wenzetu wa Gitega wakasema huyo aliwavika watawala wa kigeni nguo za wenyeji, basi. Wao mji wao ulianzishwa na Wajerumani 1912, majengo ya watawala wanayajua! Lakini hata wao walikubali: ni mazuri.

Sasa, hapa Muyinga kuna ufufuaji wa namna nyingine. Ni maktaba ya shule ya watoto viziwi, iliyojengwa 2012 na BC Architects kutoka Ubelgiji pamoja na mafundi wa hapa. Kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa, kwa hiyo hazikuhitajika kuni. Vigae vya paa ni vya hapahapa. Juu kuna wavu wa katani, watoto wanajilaza humo na vitabu vyao. Na mbele, urefu wote wa jengo, kuna urubaraza. Warundi wanaita hivyo, Wazanzibari wanasema baraza. Neno ni lile lile, na kazi ni ile ile: kukaa, kusalimia wapita njia.

Kumbe udongo si aibu! Maana nyumba zetu kambini ni za udongo pia, ila tunaambiwa ni za muda. Muda gani huo? Kuna wenzetu wamezaliwa humo, na sasa wana watoto. Kuta zinaliwa na mvua kwa chini, si kwa sababu ni udongo, ni kwa sababu haukushindiliwa na paa ni fupi.

Ndugu zetu wa mashirika, mkija tena na mpango wa makazi, kaeni na mafundi wetu kwanza, wapo. Leteni mashine moja ya kushindilia matofali, tutashika zamu. Na mtuongezee paa kidogo mbele ya mlango, mita moja tu. Bibi zetu wanapokea wageni wakiwa wamesimama juani.