Kikuyu, Penye Upepo Wake

Ukishuka Dodoma kwa treni ya SGR mwezi wa Septemba, chukua bodaboda hadi Kikuyu, ila kofia ishikilie. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi upepo wa kusini-mashariki huuvuka bila msitu wa kuuzuia. Wageni huulalamikia kwa vumbi lake. Mimi ndio unaonileta: hewa kavu, jua lisilokutoa jasho, na mibuyu iliyopukutisha majani ili upepo ujipitie.

Tembea polepole kwenye vivuli vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Mazengo, yenye jina la mtemi wa Wagogo. Kisha toka nje ya mji ukatafute tembe, maana sasa hazipatikani kirahisi. Ni nyumba fupi, huingii bila kuinama; vyumba vimeuzunguka ua wa ng'ombe, na juu kuna miti iliyotandazwa na kushindiliwa udongo. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. La tembe ni zito, halitikisiki. La mabati huwekewa mawe, na mwaka mbaya huondoka nayo.

Siku hizi Dodoma inapanda ghorofa, na huko juu upepo una mbio zaidi, kwani ardhi haiupunguzi kasi. Ukigonga mnara ulionyooka, hupasuka pande mbili na kuacha visulisuli nyuma, mara kushoto, mara kulia. Mdundo huo ukilingana na myumbo wa jengo lenyewe, jengo huzidi kuyumba. Ndiyo maana Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, hubadilika umbo kadiri inavyopanda, ili visulisuli vya ghorofa moja visiafikiane na vya nyingine. Ule upogo wake si urembo mtupu.

Maghorofa ya Dodoma hayajafika huko. Kinachonihangaisha hapa ni upepo unaogonga ukuta mpana na kuteremka hadi barabarani, ukimrushia vumbi mama anayeuza zabibu. Wasanifu majengo wanaijua dawa yake: kibaraza kipana kilichochomoza juu ya mlango, kiutupe upepo kando kabla haujafika chini. Ningependa kukiona kwenye kila ghorofa linaloota kuelekea Kikuyu.