Stelingi Hafi

Kijana anayenipeleka stendi kwa pikipiki yake, kila ninapokuwa na safari ya Bariadi, amebandika picha ya mtu mwenye bunduki kwenye bamba la nyuma, karibu na namba. Siku moja, tulipokuwa tukisubiri gari, nilimwuliza kama anamfahamu mtu huyo. Alishangaa kwamba mimi simfahamu.

"Mwalimu, huyo ni Tony Montana! Alianza kwa kuosha vyombo, akaja kumiliki jiji."

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wanamwua," alisema, bila huzuni yoyote. "Lakini alikwisha kula maisha."

Jibu hilo nilikwenda nalo hadi Bariadi na nikarudi nalo Kiloleli. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, miaka mingi nikiwa mwalimu mkuu, na muda wote huo nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba hadithi hujulikana thamani yake kwa mwisho wake. Sungura mjanja akinaswa, tunafunga kitabu na kuuliza: je, tumejifunza nini? Huyu kijana alikuwa mwanafunzi wangu. Ameona jambazi anamiminiwa risasi, naye amejifunza kwamba kuna wakati inafaa kumiminiwa risasi.

Mimi sinema nilizijua mjini Mwanza, nilipokuwa nikisomea ualimu Butimba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jumamosi tulipokuwa na shilingi tulikwenda mjini kuangalia picha za Kihindi. Tulilia pamoja na mama mjane, tukashangilia mwanawe alipompiga tajiri dhalimu. Kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtazamaji wa Tanzania anaifahamu, hata yule ambaye hakusoma darasa moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, hata kutupwa mtoni, lakini hafi, kwa kuwa ana haki. Adui ndiye hufa. Kwa sheria hiyo mtu aliweza kulipa kiingilio akiwa na moyo mtulivu.

Picha za majambazi wa Kimarekani ziliivunja sheria hiyo tangu mwanzo. Ndani yake stelingi ndiye mwovu, na mwishoni hufa. Kwa nini basi watu walipanga foleni kumwangalia?

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma habari hizo, na nikaona kwamba hazieleweki bila kuangalia hali ya watu waliokuwa wamekaa vitini. Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1933, na kama ilivyo kawaida, haikuondoa kiu. Iliondoa wauzaji halali tu, na nafasi yao ikachukuliwa na magenge. Katika jiji la Chicago Al Capone akawa mtu wa kupigwa picha magazetini. Kisha mwaka 1929 soko la hisa likaanguka, benki zikafunga milango, mamilioni wakakosa kazi. Katika hali hiyo zikatoka Little Caesar na The Public Enemy mwaka 1931, na Scarface ya kwanza mwaka 1932. Mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka ishirini na kuambulia foleni ya kugawiwa mkate alikaa gizani akamtazama mtoto wa mhamiaji maskini akivaa suti mpya na kupanda motokaa ndefu. Alijua atakufa. Hata yeye mwenyewe alikuwa akifa, ila polepole, na bila suti.

Wakubwa wakaogopa. Scarface iliongezewa maneno ya kuiita mambo hayo aibu ya taifa, na zikaongezwa sehemu za kuwalaani majambazi. Kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili, zilizoitwa za Hays, zikaanza kusimamiwa kwa ukali, na mhalifu hakuruhusiwa tena kupendeza. Lililonichekesha zaidi ni la James Cagney. Mtu huyo aliyekuwa jambazi katika The Public Enemy, mwaka 1935 akarudi katika picha iitwayo G Men akiwa askari wa serikali. Sura ni ile ile na bastola ni ile ile, ila amebadilishiwa mwajiri.

Nasema ilinichekesha, ingawa mimi mwenyewe nilifanya hivyo darasani mara nyingi. Na tusidhani ni Wamarekani tu. Mwaka huo huo wa 1935, hapa Tanganyika, wakoloni walianzisha mpango wa kututengenezea sisi Waafrika filamu za mafundisho, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Tulionekana kwamba hatuna akili ya kutosha kuangalia wizi bila kwenda kuiba. Mpango huo ulikwisha mwaka 1937. Woga huo ulibaki, nami nilikuja kuurithi pamoja na chaki na fimbo.

Fimbo nilizitumia sana baada ya mabanda ya video kuingia. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipoanza kufunguliwa, na watu wakaleta televisheni na deki. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo televisheni hizo zilikuwa za kuchezea mikanda tu. Banda lilikuwa la miti na magunia, jenereta nje, na kijana mmoja amesimama mbele akifasiri kwa Kiswahili, na pale aliposhindwa, akitunga. Baadaye kazi hiyo ilipata magwiji, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika ndani ya kanda zenyewe. Wa kwetu alikuwa ameishia darasa la saba. Nilipowakosa wanafunzi mchana nilijua waliko, na asubuhi yake walijua kilichokuwa kikiwangoja.

Mwaka 1989 niliingia bandani mwenyewe, usiku, nikisema nakwenda kuchunguza. Mkanda ulikuwa The Godfather, uliotengenezwa mwaka 1972, wakati Wamarekani walikuwa wamechoshwa na vita vya Vietnam na imani yao kwa wakubwa wao ikiporomoka. Kanuni zile za zamani zilikuwa zimefutwa mwaka 1968. Sasa jambazi hakuwa tena mtoto mhuni wa mtaani. Alikuwa mzee wa ukoo, mwenye shughuli na wajukuu.

Picha inaanza na mtu mfupi mwenye biashara ya mazishi. Binti yake amepigwa na vijana wawili mpaka ameharibiwa uso. Amekwenda polisi kama raia mwema, kesi imesikilizwa, hakimu amewapa vijana wale kifungo cha nje, wakatoka siku ile ile wakicheka. Sasa amekuja kwa Don Corleone kuomba haki. Mfasiri wetu hakuwa na haja ya kutunga. Mzee mmoja mfugaji, aliyekaa mbele yangu akiwa amejifunika blanketi, alisema kwa sauti, "Huyo alichelewa. Angekwenda moja kwa moja kwa Basalama."

Banda zima likacheka. Mimi sikucheka.

Kwa msomaji asiye wa huku, Basalama ndio sungusungu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, na wizi wa ng'ombe, ambao wazee waliujua kama jambo la mishale na miguu, ukawa wa risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama, Wasukuma na Wanyamwezi wakajiunda katika vikundi vya ulinzi, wakiwa na pinde, filimbi, mtemi wao na katibu wao. Mwano ukipigwa, kila mwanamume hutoka. Chama na serikali vikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa rasmi uwezo wa kukamata. Sitaki kuwasema vibaya. Ng'ombe walilala zizini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nasi tukalala usingizi.

Lakini mwaka 1984, katika kijiji nilichokuwa nikifundisha, baba yangu aliibiwa ng'ombe kumi na wanne. Nilikwenda kituo cha polisi. Nikaambiwa nilete mafuta ya gari, nikayaleta; nikaambiwa gari ni bovu. Siku ya tatu nikaacha kwenda. Nikaenda kwa mtemi wa sungusungu, ambaye aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtu msomi kama mimi sikuwahi kuonekana mikutanoni. Niliona haya. Alinikubalia, na kabla sijaondoka akaniambia kwamba wanahitaji mtu wa kuandika.

Ndivyo nilivyokuwa katibu wao. Nilipoona Don akimlaumu yule mtu wa mazishi kwa kuukwepa urafiki wake, kisha akimsamehe na kumwekea deni, nilijikuta nimeshika magoti yangu kwa mikono yote miwili.

Walimpata mtu. Alikuwa jirani, mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi, aliyeonekana njiani usiku ule. Aliulizwa usiku kucha, sitaeleza namna. Hakukiri. Ikaamuliwa alipe faini, naye akakataa kulipa kwa ajili ya jambo ambalo hakulitenda, kwa hiyo akatengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, asizikiwe. Mimi ndiye niliyeandika jina lake katika daftari, kwa mwandiko mzuri wa Butimba, nikapiga mstari chini kwa rula. Mke wangu aliniuliza usiku, "Baba Neema, una hakika ni yeye?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya mkutano, na kwamba ndiyo, nina hakika. Sikuwa nayo. Baada ya miezi miwili mtu yule alipakia watoto kwenye mkokoteni akahamia Geita. Mwaka 1987 wezi walikamatwa mbali, wakataja zizi baada ya zizi, na la baba lilikuwamo. Jirani hakutajwa popote.

Sasa nirudi bandani. Katika mwisho wa The Godfather, Michael, yule mtoto mpole aliyekuwa hataki mambo ya baba yake, anaulizwa na mkewe kama ni kweli amemwua shemeji yake. Anamtazama machoni na kusema si kweli. Mke anatoka akiwa ametua mzigo. Kisha, akiwa chumba cha pili, anawaona wanaume wakiingia na kumbusu mumewe mkono, na mmoja wao anaufunga mlango mbele ya uso wake. Jenereta lilizimwa, watu wakatoka wakipiga soga kuhusu risasi. Stelingi hakufa! Walifurahi kwamba kwa mara moja picha ya majambazi imefuata sheria yetu. Nilitembea nyumbani nikiwaza kwamba nimemwona mtu akifa vizuri sana, na hakuna aliyegundua.

Nilipofika mke wangu alikuwa macho. Sikumwambia kitu. Na wanafunzi sikuwachapa tena kwa ajili ya banda, jambo lililowashangaza.

Huyo Tony Montana wa bodaboda ni wa Scarface ya pili, ya mwaka 1983. Yeye ni mkimbizi wa Kuba, mmoja wa watu wapatao 125,000 waliovuka bahari kwenda Florida mwaka 1980. Wahakiki wengi waliibeza, wakasema ni kelele na damu. Walioichukua wakaifanya yao ni vijana weusi wa mitaa maskini na wanamuziki wao wa rap, kwa sababu hawakuona onyo. Waliona mtu asiye na karatasi wala kabila la maana akikataa kuosha vyombo. Picha ni moja, lakini mtazamaji amebadilika, na pamoja naye picha yenyewe. Sasa imefika Kiloleli, kwa kijana mwenye pikipiki ya mkataba, ambaye kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri wake. Nisipoiangalia hesabu hiyo sina haki ya kumwuliza kwa nini amebandika picha ile.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja likizo na kompyuta, akaniambia, "Babu, hii itakufaa, ni ya wazee." Ilikuwa The Irishman ya mwaka 2019, ya Martin Scorsese, saa tatu na nusu. Waigizaji wake ni wale wale niliowajua wakiwa vijana, sasa wana mikono ya kutetemeka kama mimi. Mwuaji amezeeka. Hakuna aliyemmiminia risasi. Wenzake wote wamekufa, binti yake hataki kumsemesha, amejinunulia jeneza mwenyewe. Padre anamwomba atubu, naye hajui aanzie wapi. Usiku padre akiondoka, mzee anamwomba asiufunge mlango kabisa, auache wazi kidogo.

Mjukuu wangu alikuwa amesinzia. Alipoamka akauliza imekwishaje, nikamwambia stelingi hakufa. Kisha, sijui kwa nini usiku ule na si mwingine, nikamsimulia habari za ng'ombe kumi na wanne. Bibi yake alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria zimenyamaza.

"Babu," mjukuu aliuliza, "na yule jirani, aliitwa nani?"

Niliingia chumbani nikalitoa daftari. Bado ninalo. Wino umefifia lakini mstari wa rula unaonekana vizuri. Mke wangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mikono ina unga, na nikamsomea jina yeye kwanza.