Manukato ya Maua na Kiasi Chake



Ipo anasa inayomharibu mtu, na ipo anasa ndogo inayomfundisha adabu. Leo twapenda kusema habari ya manukato ya maua, yale ya zamani yenye sifa, ambayo hupakwa kwa matone mawili tu. Wengi huyadhani kuwa ni majivuno. Sisi tumeyavaa miaka mitatu sasa, nayo yametufundisha mambo ambayo hatukuyatazamia.

Manukato hayo ni Chanel N° 5. Yalitokea Ufaransa mwaka 1921. Aliyeyaagiza ni Gabrielle Chanel, mshonaji wa mavazi, mtoto wa maskini; wasimulizi wa maisha yake huandika kwamba, mama yake alipofariki, alilelewa na Masista katika nyumba ya yatima ya Aubazine. Aliyeyatunga ni Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow. Huyo alimletea chupa za kujaribu zenye namba, naye akachagua ile ya tano. Ndiyo asili ya jina.

Ndani yake mna asmini na waridi za upande wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, na mna mlangilangi, mti ambao wenzetu wa visiwa vya Komoro waujua sana. Asmini hufunguka usiku, kwa hiyo wachumaji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijaichosha harufu. Ua moja ni jepesi mno: kilo moja yataka maua kama 8,000, na ili kupata kilo moja ya kiini safi cha harufu hutakiwa kilo 600 za maua na zaidi. Waridi la huko huchumwa mwezi wa tano tu, kisha basi mpaka mwaka mwingine. Huko Komoro maua ya mlangilangi huchumwa asubuhi mapema, hutiwa katika mtungi mkubwa wa chuma au wa shaba, na mvuke wa maji huyatoa mafuta kwa saa nyingi. Mafuta yatokayo kwanza ndiyo bora. Kuni nyingi huteketea kwa kazi hiyo, na misitu ya visiwa imeumia. Basi tone moja lina jasho la watu wengi. Asiyejua hayo hulimwaga ovyo.

Na kuyavaa je? Tukiyapaka penye kifundo cha mkono, kwanza spiriti hupanda puani na kutoweka. Halafu huja harufu kali, safi, kama ya shuka iliyopigwa pasi sasa hivi, au ya mshumaa uliozimwa punde. Hiyo si ya ua lolote: ni vitu viitwavyo aldehidi, ambavyo Beaux alivitia kwa wingi kupita desturi ya siku zake. Wengine huishia hapo na kusema, «Yanuka sabuni!» Yawapasa kungoja kidogo. Joto la mwili huvirusha vitu vyepesi kwanza, na vizito hubaki nyuma. Ndipo asmini, waridi na mlangilangi hufunguka pamoja, wala huwezi kuyatenga, kama sauti za kwaya iliyofundishwa vema. Jioni hubaki harufu ya msandali na vanila, chini sana, karibu na ngozi. Hiyo huinusa yule tu aliye karibu nawe: mtoto uliyembeba, au mgonjwa unayemwinua kitandani.

Chupa hiyo tulipewa na wana wetu, siku tulipotimiza miaka 25 ya ndoa. Jirani mmoja aliuliza bei, kisha akatikisa kichwa: «Mama, chupa hii si malipo ya shule ya mtoto mmoja?» Neno hilo lilitukaa moyoni wiki nyingi, maana alisema kweli. Katika mtaa wetu wako watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Tukaazimia kuiuza. Tulipowaambia wana wetu, binti yetu wa kwanza akajibu: «Mama, miaka yote hiyo mikono yako ilinuka moshi, samaki na sabuni ya kufulia kwa ajili yetu. Tuliweka akiba kidogo kidogo. Ukiiuza, umeuza shukrani yetu.»

Twaijua habari ya Maria wa Betania na nardo yake, na ya yule aliyeikadiria kwa dinari 300 akiwataja maskini. Habari hiyo haitupi ruhusa ya kuwasahau maskini. Yatuonyesha tu kwamba zawadi ya upendo haihesabiwi kwa fedha peke yake. Kwa hiyo chupa tuliiweka; lakini tulijiwekea na sheria. Kila mwanzo wa mwaka wa shule, kabla ya kununua kitu chochote cha kupendeza, twatia fungu letu katika kikapu cha watoto wa mtaa. Jirani yule ndiye tuliyemwomba akitunze, naye hukitunza kwa ukali. Kusema kweli, tangu hapo twayavaa kwa moyo mtulivu zaidi.

Kwa wale waliojaliwa kupata manukato ya namna hii, haya machache. Pakeni juu ya ngozi iliyooshwa, kwani hayaondoi jasho bali hulichafua zaidi. Msisugue mikono, acheni yakauke yenyewe. Chupa ikae katika sanduku lake, mbali na jua na joto. Mkienda hospitali, yaacheni nyumbani. Mgonjwa hana nguvu ya kukimbia harufu yenu. Kanisani, jirani wa benchi asijue kuwa mmepaka mpaka mtakapopeana amani.

Na asiye na uwezo asidanganywe na chupa za kuiga zinazouzwa njiani. Zina jina kubwa, nazo huenda zikamwasha ngozi. Heri apande mche wa asmini karibu na mlango. Usiku utamnukia yeye na wapita njia wote, bila bei.

Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Manukato mema hayatangulii mtu mlangoni yakipiga kelele. Huingia pamoja naye, na akiondoka, watu hukumbuka kwamba alikuwapo.